Safari ya Wiki Tatu

Mansfield, Texas
9 Machi 2025

Shikamoo Bibi,

Najua utashangaa kupata barua. Hata mimi nashangaa kuiandika. Mara ya mwisho nilikuwa darasa la tatu kule Moshi, kabla hatujahamia huku, na ilikuwa barua ya kumwomba mwalimu ruhusa. Mama ndiye aliyenitajia kila neno. Lakini simu sina, Mama ameichukua. Kompyuta ya shule naifungua jikoni tu, mbele yake au mbele ya kamera aliyoiweka juu ya friji. Nilipomwomba angalau nikuandikie wewe, akasema, "Huyo mwandikie. Labda atakutia akili." Kwa hiyo, Bibi, kazi yako ni kunitia akili.

Sijui amekuambia nini, acha nikuambie mwenyewe. Unamkumbuka Jessica, rafiki yangu Mkongo aliyekuja Krismasi akala ndizi zako sahani mbili? Yeye, mimi na wasichana wengine watatu tuna kikundi cha kudansi. Tunafanya mazoezi kwenye ukumbi wa kanisa lao, Fort Worth. Mama nilikuwa namwambia naenda maktaba. Huo ulikuwa uongo, nakubali. Jumamosi moja kulikuwa na mashindano, kaka yake Jessica, Josué, akatupeleka kwa gari. Nilivaa gauni la Jessica, fupi, la kumetameta. Bibi, tulikuwa wa pili! Nilipopanda jukwaani hofu yote iliniisha. Nilijisikia kama mtu aliyefunguliwa kutoka ndani ya gunia.

Kesho yake video ikaingia kwenye group la WhatsApp la kina mama wa Kitanzania wa Dallas. Mama alikuwa anatoka misani. Mama mmoja akamsogezea simu: "Prudensia, huyu si wako?"

Hakunipiga. Heri angenipiga. Alimngoja Baba arudi na lori lake kutoka California, kisha Baba akachukua bisibisi akang'oa mlango wa chumba changu. Mlango wenyewe, Bibi! Akaupeleka gereji. Sasa nalala kama niko barabarani. Nikijigeuza kitandani Mama anauliza, "Abigail, unafanya nini?" Najigeuza, Mama.

Kila siku ananiambia, "Bibi yako aliolewa ana miaka kumi na saba, hakuwahi kukanyaga dansini, na ametulea sisi sote rozari ikiwa mkononi." Ni kweli? Hata mara moja hukucheza?

Mjukuu wako,
Abigail


Pearland
20 Machi 2025

Mjukuu wangu Abigail,

Marahaba. Barua yako nimeisoma jikoni, nikaisoma chumbani, nikaisoma tena uani mpaka jua likanifukuza.

Nimeagizwa nikukaripie, nami nakukaripia. Kumdanganya mama yako ni vibaya. Anashinda amesimama akigeuza wagonjwa vitandani, halafu anarudi nyumbani kupokea aibu kwenye simu ya mtu. Usirudie. Basi, kazi niliyotumwa imekwisha.

Umeniambia habari ya mlango wako, nami nikuambie wa kwangu. Mjomba wako Melkiori na mkewe wanatoka alfajiri kwenda hospitalini, watoto wanakwenda shule, nami nabaki na friji. Nikifungua mlango wa mbele nyumba inapiga kelele, na simu ya Melkiori inamwambia huko huko kazini kwamba mama yake anatoka. Mwaka jana nilitoka nikatembea. Nyumba zote za mtaa huu zinafanana, nikapotea kando ya bwawa, mtu akaita polisi. Walikuwa vijana wenye adabu, walinirudisha. Tangu siku hiyo Melkiori ameniomba nisitoke peke yangu. Ameniomba kwa upole sana, mjukuu wangu, na amri ya upole haina pa kuishika ukabishana nayo. Tulipomzika babu yako walinileta huku kwa miezi sita. Huu ni mwaka wa tatu.

Sasa swali lako. Mama yako hasemi uongo, anasema anachokijua. Nilicheza.

Mwaka wa sitini na sita nilikuwa kidato cha pili kwa masista, na rafiki yangu alikuwa Kidawa, binti wa Majengo, pale pale Moshi mjini. Jumapili mchana kulikuwa na dansi la vijana, tukiliita bugi. Kidawa alikuwa na cherehani ya mama yake. Tukakata magauni yetu yakaishia juu ya magoti, tukavaa sketi ndefu juu yake, tukafika nyuma ya ukumbi tukazivua. Wavulana walivaa suruali za kubana na viatu vyenye ncha. Wazee waliwaita tediboi, na walivyolitamka neno hilo ungedhani ni jina la ugonjwa. Kaka yake Kidawa, Twalibu, alipiga gitaa. Nilikuwa namtazama vidole. Vidole tu.

Uliposema habari ya gunia niliiweka barua chini nikacheka peke yangu, nyumba nzima ikaitikia.

Mama yako usimwambie. Dansi lilikwisha, nikaolewa. Ndivyo mambo yalivyokuwa.

Bibi yako,
Yasinta


Mansfield
6 Aprili 2025

Shikamoo Mama,

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu lazima nipaze sauti ndipo unisikie, na nikipaza sauti nyumba nzima ya kaka Melkiori inasikia. Hili sitaki alisikie.

Unamjua Wanjiku, nesi Mkenya ninayefanya naye kazi. Mwezi uliopita tulimzika mwanawe, Kimutai. Alikwenda kwenye sherehe ya vijana wenzake, mtu akampa kidonge, akaambiwa ni cha kichwa. Hakuamka. Mama, alikuwa mtoto mzuri. Kila akiniona alikuwa ananiamkia kwa Kiswahili, hawa wetu hata hilo wanaona aibu. Kaburini nilimshika Wanjiku, akaniambia sikioni, "Prudensia, mimi nilijua yuko maktaba."

Maktaba, Mama. Neno lile lile.

Tangu siku hiyo silali. Nimeng'oa mlango, nimefunga kamera, nimechukua simu. Na bado kila akiingia bafuni nahesabu dakika. Haya si maisha, najua, wala usinilaumu. Abigail ni huyo huyo mmoja.

Nimezungumza na baba mdogo Vital kule Moshi. Amepata nafasi kwenye shule ya bweni ya masista, na Kamugisha, baba yake Abigail, ameridhia. Tumepanga hivi. Tutamwambia Abigail kwamba shule zikifungwa mtakwenda wewe na yeye kutembea Rombo, wiki tatu. Mkifika, pasipoti yake itabaki kwa Vital mpaka amalize kidato cha sita. Nikienda naye mimi atashuku. Akienda na wewe hatashuku kitu.

Na kwako ni heri pia. Kila nikija Pearland unaniuliza lini utarudi nyumbani, na kaka anasema mwakani. Safari hii hawezi kukataa, kwa kuwa unamsindikiza mjukuu. Ukishafika, nani atakurudisha huku? Utakaa kwako.

Nakuomba, Mama. Nisaidie mwanangu asife.

Mwanao,
Prudensia


Pearland
15 Aprili 2025

Mwanangu Prudensia,

Marahaba. Mpe Wanjiku pole yangu. Jina la Kimutai nimelitaja kwenye sala.

Nimekubali.

Nilipomaliza kusoma nilivuta sanduku langu kutoka chini ya kitanda, nikaanza kukunja nguo kama mtu anayeondoka jioni ile. Mkwe wangu aliniuliza nafanya nini, nikamwambia natafuta nondo wanaokula nguo. Huko Rombo mvua za masika zimeanza. Nilikuwa nataka kuona kama migomba ya upande wa mfereji imesimama, na kama wale wa jumuiya bado wanasali Alhamisi. Nataka kufungua mlango wangu nitoke bila kuulizwa.

Nina swali moja. Tukishafika, ni nani atakayemwambia? Vital au mimi?

Mama yako


Mansfield
4 Mei 2025

Shikamoo Bibi!!!

Mama ameniambia! Wiki tatu! Mimi na wewe! Sikuamini, nilimwambia arudie. Na mlango wangu umerudi, Baba aliufunga jana huku anapiga mluzi. Simu nimepewa pia. Mama amebadilika kabisa. Juzi alinipeleka kununua sanduku, akaniacha nichague, nikachagua la njano, naye hajasema hata kwamba litachafuka. Tulikula aiskrimu ndani ya gari. Akanishika shavu, nikaona machozi yanamlengalenga. Nikamwambia, "Mama, pole kwa ule uongo." Akasema, "Yamepita." Bibi, nadhani amenisamehe kwa kweli.

Nikuchekeshe. Nilimpigia Jessica kumwambia, badala ya kufurahi akaanza kunitisha. Akasema, "Angalia vizuri. Kuna kijana kanisani kwetu walimpeleka Bukavu kusalimia, mpaka leo hajarudi." Josué naye akadakia kutoka nyuma, "Shika pasipoti yako mwenyewe." Nikawaambia nyie mnaangalia sinema nyingi. Nikamwambia Jessica, angekuwa Mama peke yake labda. Lakini naenda na Bibi. Bibi hawezi.

Nataka unipeleke Majengo tukamtafute Kidawa. Unafikiri bado yupo? Na Twalibu je? (Sitamwambia Mama habari za vidole.)

Mjukuu wako mwenye sanduku la njano,
Abigail


Pearland
13 Mei 2025

Abigail mjukuu wangu,

Marahaba. Nimefurahi kwamba mlango umerudi.

Beba sweta, tatu hivi. Rombo mwezi wa saba kuna ukungu na baridi inayoingia mifupani. Beba na viatu imara, vyeusi kama una navyo. Na vile vitabu vyako unavyovipenda, usiviache. Beba na picha ya Jessica.

Kidawa sijui habari zake. Sikumwona tena.

Mikono inaniuma leo, sitaandika sana.

Bibi yako,
Yasinta


Mansfield
21 Mei 2025

Shikamoo Bibi,

Pole na mikono. Mama amekununulia dawa ya kuchua, nitakuletea.

Sweta tatu za wiki tatu! Viatu vyeusi! Bibi, unanifunga mzigo kama ninakwenda jeshini. Lakini nimeweka zote, usijali. Picha ya Jessica ya nini wakati iko kwenye simu?

Ila nataka kuuliza kitu, na kama hutaki usijibu. Kwa nini hukumwona tena Kidawa? Mlikuwa mnakata magauni pamoja, halafu unasema tu "nikaolewa", kama vile ni basi lilipita ukapanda. Ilikuwaje?

Abigail


Pearland
28 Mei 2025

Mwanangu Prudensia,

Simpeleki.

Kaa chini ndipo usome. Haya sikuwahi kumwambia mtu, na kwako ni mazito zaidi kwa kuwa yanamhusu baba yako.

Mimi nilikuwa nacheza dansi, mwanangu. Pale Moshi, Jumapili mchana, nikiwa na gauni juu ya magoti. Katekista aliniona, akampelekea baba yangu habari kule Kibosho. Baba yangu hakunipiga. Nyumbani wote wakawa wema ghafla. Mama akanisuka nywele vizuri. Likizo ilipofika, bibi yangu mzaa baba, ambaye nilikuwa nampenda kuliko watu wote, akaniambia, "Yasinta, nisindikize Rombo tukamjulie hali shangazi yako, anaumwa." Nikafurahi. Sikuwahi kufika Rombo. Ndani ya basi alinipa dirisha, akaninunulia karanga, akanishika mkono njia nzima. Mkono wake ulikuwa unatoka jasho, nikadhani ni joto.

Shangazi hakuwa mgonjwa. Tulipofika wanawake walipiga vigelegele. Mbege ya mahari ilikuwa imeshanywewa wiki iliyotangulia. Asubuhi nikatumwa mferejini kuchota maji, na niliporudi na ndoo kichwani bibi yangu alikuwa ameshapanda basi la kurudi. Alikuwa ameniachia kanga yake juu ya kitanda. Mtu niliyekabidhiwa kwake ndiye baba yako.

Baba yako hakuwa mtu mbaya. Hakunipiga, hakulewa, alinijengea nyumba. Tulizeeka pamoja na nilimlilia kwa machozi ya kweli. Yeye pia aliambiwa nimekubali. Lakini wakubwa waliofanya vile walikuwa na sababu njema kama zako. Tediboi mmoja alikuwa amempa mimba binti wa jirani, binti akajitupa mtoni. Baba yangu naye alitaka mwanawe asife. Sikufa. Ila kuna mtu aliyebaki ndani ya lile basi, na sikumwona tena.

Bibi yangu nilimchukia mpaka anazikwa. Baba nilimsamehe, yeye nilishindwa, kwa sababu yeye ndiye niliyemwamini. Sasa mjukuu wangu anamwambia rafiki yake, "Bibi hawezi." Nami nimeweza, Prudensia. Mwezi wa nne niliweza kabisa, nikakunja nguo. Nilitaka kwenda nyumbani kiasi hicho.

Hofu yako ni ya kweli na Kimutai alikuwa mtoto wa kweli. Sina dawa ya hofu hiyo. Lakini usinitume mimi.

Leo hii namwandikia Abigail pia. Namwambia yote. Sikuombi ruhusa.

Mama yako


Pearland
28 Mei 2025

Abigail,

Umeniuliza ilikuwaje. Nilidanganywa kwamba nakwenda kutembea, na bibi yangu ndiye aliyenisindikiza, nikaachwa kwa mume.

Safari yetu si ya wiki tatu. Mimi ningebaki nyumbani, wewe ungepelekwa shule ya bweni Moshi mpaka kidato cha sita, na pasipoti yako ingeshikwa na babu yako Vital. Mama yako alipanga kwa sababu anaogopa utakufa kama mtoto wa Wanjiku. Mimi nilijua tangu Aprili, nikakubali, kwa sababu nilitaka kurudi kwangu.

Sasa nimekataa. Usikimbie. Zungumza naye.

Sina neno jingine la kujitetea.

Yasinta


Mansfield
8 Juni 2025

Mama,

Barua zako zilifika siku moja. Mimi nilikuwa kazini. Abigail ndiye aliyefungua kisanduku cha posta, akasoma yake, akaacha yangu juu ya meza bila kuifungua. Niliporudi nyumba ilikuwa tupu na simu yake iko kitandani. Sanduku la njano lipo. Hakubeba hata sweta.

Unajua nilikaaje? Mimi niliyepanga yote hayo ili nijue yuko wapi, nilikuwa nazunguka Mansfield kwa gari nikichungulia vichochoro vya maduka. Mwishowe nikapigiwa na Mado, mama yake Jessica. Yuko kwao, Fort Worth. Hataki kuongea na mimi.

Kaka Melkiori amenipigia, anafoka. Anasema nilitaka kuiba mama na mtoto kwa tiketi moja. Tiketi nimezirudisha zote.

Kwa nini hukuniambia mimi kwanza? Siku mbili tu, ningemwambia mwenyewe. Na habari za Baba uliziweka miaka yote hiyo, ukaja kunipa siku ile ile niliyopotewa na mwanangu. Picha ya Baba iko ukutani pale sebuleni. Siwezi kuitazama wala siwezi kuishusha.

Prudensia


Mansfield
15 Juni 2025

Bibi,

Nimerudi nyumbani.

Kule kwa kina Jessica tulilala watatu kitanda kimoja. Mama Mado alipofika kutoka kazini, anafanya kazi kwenye ghala la kupakia mizigo, hakuniuliza chochote. Alisema tu, "Lala hapa, mutoto. Lakini mama yako nitamuita mimi mwenyewe, leo hii." Nikamwomba asimwite. Akasema, "Mie niliacha mama yangu Uvira bila kumuaga, na sikumuona tena. Utakasirika ukiwa mahali anapajua."

Mama alikuja kila siku. Aliegesha gari chini ya ghorofa, akakaa ndani yake na nguo zake za kazi. Hakupiga honi wala hakupanda ngazi. Josué alimpelekea maji, akayapokea kwa mikono miwili. Siku ya mwisho nilimwona kupitia dirishani amelaza kichwa kwenye usukani, nikashuka. Tulipofika aliweka pasipoti yangu mbele yangu, akasema, "Shika."

Nimeificha. Hata Jessica hajui ilipo. Nimeficha pasipoti yangu ndani ya nyumba yetu, Bibi, ili mama yangu asiione, na yeye anajua nimeificha, na tunakula chakula cha jioni pamoja.

Najua mwishoni ulisema ukweli. Najua ulipoteza safari yako kwa sababu hiyo, na Mama aliniachia barua yake nikasoma ulivyofanyiwa, nikalia. Lakini ile ya Mei nimeisoma tena pia. "Beba viatu vyeusi." Vilikuwa vya sare. Picha ya Jessica ilikuwa kwa sababu simu ningenyang'anywa. Ulikaa na kalamu ukafikiria vizuri kabisa nitakachohitaji.

Mama jana ameniletea aiskrimu. Nikamtazama mikono kwanza, kama inatoka jasho.

Sijui nitakuandikia tena lini.

Abigail


Mansfield
29 Juni 2025

Shikamoo Mama,

Samahani kwa maneno ya barua ile.

Abigail yupo. Anakula, anajibu akiulizwa. Anakwenda mazoezini Fort Worth, mimi ndiye ninayempeleka, nakaa nje kwenye gari. Sijui kama ninachofanya ni ulinzi au ni kamera nyingine. Kila mlango wa ukumbi ukifunguliwa nachungulia kama ni yeye. Jumamosi alitoka jasho likimtiririka, anacheka na wenzake, akaniona, kicheko kikaisha.

Nimekuwa nikiitazama ile picha yenu ya harusi. Umegeuza uso pembeni. Sisi watoto tulikuwa tunasema ni aibu ya bibi harusi, tulikuwa tunakutania, na wewe ulikuwa unacheka.

Nina swali, na naogopa kuliuliza kwenye simu kwa sababu ningeliuliza kwa kelele. Hukumtaka Baba. Sisi je? Mimi ni wa mwisho. Ulinitaka?

Prudensia


Pearland
10 Julai 2025

Mwanangu Prudensia,

Marahaba. Hutaki nikupoze, basi sitakupoza.

Melkiori sikumtaka. Nilikuwa na miaka kumi na minane na nililia alipotoka tumboni, watu wakasema ni uchungu. Nilimpenda alipoanza kutembea, kwa sababu alikuwa akinifuata mimi na si mwingine. Hili liache hapa. Ananitunza vizuri na halimfai.

Wengine walikuja kama mvua inavyokuja, ukitaka usipotaka, na ukishalowa unaishi nayo. Majina yao yote yalitolewa na shangazi yenu, dada wa baba yako. Ndio ulikuwa utaratibu. Nilikuwa naambiwa jina la mwanangu kama jirani anavyoambiwa.

Wewe ulipozaliwa shangazi yenu alikuwa amelazwa. Baba yako akaja akasimama mlangoni, amevua kofia, hajui aanzie wapi. Akaniuliza, "Huyu tumwite nani?"

Nilikuwa nimekaa katika nyumba ile miaka kumi na miwili, Prudensia, na sikuwahi kuulizwa kitu. Nilijibu haraka asije akabadili mawazo.

Nilipokuwa kidato cha pili kulikuwa na sista aliyetufundisha hesabu. Miezi michache baada ya mimi kuachwa Rombo alinifuata. Alipanda basi, akauliza njia mpaka akafika kwa baba mkwe, akaomba nirudishwe shule. Walimpa kiti, wakampa ndizi, wakamwambia hapana. Mimi nilikuwa nimewekwa nyuma ya nyumba nikate majani ya ng'ombe, nisionekane. Wakati anaondoka niliona viatu vyake chini ya migomba, vyeupe, vimejaa tope. Alisimama muda mrefu kabla ya kwenda. Hakuna mwingine aliyekuja kunitafuta, si baba, si mama, si Kidawa. Aliitwa Sista Prudensia.

Baba yako hakuuliza kwa nini jina hilo. Alilirudia mara mbili ili alizoee, akakuchukua mikononi.

Ndiyo, mwanangu. Nilikutaka. Nilikutaka tangu nilipoulizwa.

Umekaa nje kwenye gari mahali pawili sasa, kwa kina Mado na pale ukumbini. Endelea kukaa. Sina shauri lingine, wala sina haki ya kulitoa.

Huku joto limepanda, nashinda ndani. Melkiori amesema mwakani, na safari hii ameapa. Mwambie Abigail simdai jibu. Akitaka aandike hata miaka ikipita, barua itanikuta hapa hapa. Sina pa kwenda.

Mama yako,
Yasinta